Bildi ya Baba

Mkuu wa makumbusho, hapa mtaani tunamwita Bwana Riwaya. Ametafuna vitabu vya mabaharia tangu utotoni, vile ambavyo nahodha anashika usukani peke yake na wenzake kazi yao ni kufa ukurasa wa thelathini.

Alikuja kuazima kwangu bildi ya marehemu baba yangu, lile pande la madini ya risasi, zito kama mtoto mchanga, lenye kamba, la kupimia kina cha maji. Meli ya kuchora ramani ilipokwama nje ya miamba, baba ndiye aliyeitupa kutoka omo, kule mbele ya meli, siku tatu hadi njia ikapatikana. Nikaitoa kwa mikono miwili, nikijua baba atatajwa.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho niliwahi kabla ya wageni. Nikasoma kibao polepole: "Bildi ya nahodha, mvumbuzi wa njia hii."

Nikamwita Bwana Riwaya. "We mwanangu, nahodha aliishika lini?"

"Bi Mkubwa, ndivyo daftari la safari linavyosema."

"Aliliandika nani?"

"Nahodha mwenyewe."

"Hata mimi ningejiandika malkia!"

Akacheka. Hapo ndipo alipokosea. Nikamwambia afungue kabati la kioo, nikaipindua bildi. "Hili shimo huku chini la nini?"

Akainama. "Nadhani ni kutu."

"Tangu lini risasi ikashika kutu? Humo hujazwa shahamu! Ikigonga chini inanasa mchanga, tope, chenga za kombe. Baba alikuwa anaangalia, ananusa, mara nyingine analamba kabisa, ndipo anapaza sauti, 'Kina pima saba, chini tope!' Nahodha wako yuko chumbani anatapikia ndoo. Mbona hilo hakuliandika?"

"Wageni wako mlangoni, Bi Mkubwa. Kibao kimeshachapwa. Tutarekebisha mwakani."

"Mwakani nani kakwambia nitakuwepo?"

Nikaichukua bildi, nikaitumbukiza kikapuni juu ya vitunguu. Akanishika mkono. Nikamkazia macho mpaka akauachia. Nikapita katikati ya wageni na tai zao, nikiwasalimu mmoja mmoja.

Tangu hapo amebisha hodi mara nne. Kaniita bibi, kaniita mama, jana nimekuwa shangazi. Analia kwamba kabati tupu linamwaibisha. Mara zote nne, hajaniuliza baba yangu aliitwa nani.

Bildi ninayo. Aje na mara ya tano.