Shavu la Samaki

Kwao Haibo, mume hakuomba radhi kwa mdomo. Aliomba kwa vijiti vya kulia: alidokoa shavu la samaki, mnofu mtamu kuliko yote, akaliweka katika bakuli la mkewe. Mke akila, ugomvi umezikwa. Baba yake alifanya hivyo maisha yake yote, na mama akala, akameza samaki pamoja na yaliyomkaa rohoni. Watu wakawasifu: ndoa tulivu hiyo! Utulivu gani? Moto wa makumbi ule, unaofukuta chini kwa chini.

Suzhen naye alikuwa amekula mashavu tangu harusi. Alikula Haibo alipokubali masomo Marekani bila kumuuliza. Alikula walipofika Fairfax akagundua kwamba viza ya mke wa mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi, yeye mwalimu wa kemia! Kila shavu alilikumbuka, na kila moja lilimpunguzia hamu ya kumgusa mwanamume yule.

Alhamisi mama mkwe akapiga simu kutoka Wuhan. "Mwanangu, hicho chumba changu kina dirisha?"

Ndivyo Suzhen alivyojua kwamba mkwe anahamia kwao. Haibo alipoulizwa, alibeba mkoba akaenda maabara. Tangu hapo, kimya.

Jumapili mchana sanduku la Suzhen lilikuwa mlangoni. Jirani yao Domina, Mtanzania anayetunza wazee majumbani, alikuwa amekubali kumpeleka kwa binamu wa Suzhen, mji wa jirani wa Annandale. Honi ikalia nje.

Mezani, Haibo akadokoa shavu, akalitia bakulini mwa mkewe.

Suzhen akalirudisha bakulini mwa mumewe.

Haibo akaduwaa kama aliyetemewa mate. "Unanirudishia?"

"Limenishinda kumeza. Sema."

"Niseme nini? Kula, samaki anapoa."

"Na mimi nimepoa! Mama yako anahamia hapa, nami naambiwa na mama yako!"

Honi tena. Haibo akalitazama sanduku. Akapiga meza, vijiti vikaruka.

"Niliogopa! Kumkatalia sikuweza, kukwambia sikuweza! Nilidhani nikinyamaza..."

"Litajimaliza lenyewe?"

"Ndiyo! Mjinga mimi, haya, umefurahi?"

Suzhen hakuwa amewahi kumsikia akipaza sauti. Badala ya kuogopa, aliona kwamba kwa mara ya kwanza ng'ambo ya meza ameketi mtu hasa. Akaenda dirishani.

"Dada, unakuja au huji?" Domina akauliza kutoka garini.

Suzhen akainua kiganja: subiri. Domina akazima injini.

Akarudi mezani, samaki hakumgusa.

"Endelea," alisema. "Na sauti usiishushe."