Kusindikizwa Kutoka Mutuini

Kasiva aliposimama kanisani kutangaza kwamba anataka watu wa kuitafuta njia ya matembezi ya mwaka huu, njia ya miguu na baiskeli isiyogusa barabara kuu, nilinyanyua mkono kabla hajamaliza kusema. Watu waligeuka kunitazama. Mimi ni karani katika ofisi moja pale katikati ya jiji, nimekalia kiti miaka mingi, na majirani zangu wanajua kwamba hata ngazi za ghorofa yetu nazipanda nikinung'unika. Nikasema upande wa magharibi niachiwe mimi, kuanzia kwetu Kileleshwa hadi Mutuini.

Kasiva hakushangaa. Ni rafiki yangu wa siku nyingi, Mkamba mwenye jicho kali, na alijua vizuri aliyeko Mutuini.

Aliyeko Mutuini ni binti yangu, Emmah. Mwaka jana alikwenda kuishi na kijana anayeitwa Waweru, fundi wa umeme, bila mtu hata mmoja wa upande wa kijana kufika kwetu kusema neno. Kisha akazaa mtoto wa kiume. Huyo ni mjukuu wangu wa kwanza, na mimi nilikuwa sijamwona ila kwenye simu. Sisi watu wa Bunyore tuna desturi yetu, na siombi radhi kwa ajili yake: mama wa msichana hakanyagi boma la mkwe wala hali chakula cha huko kabla wenyewe hawajaja kujitambulisha. Ukikanyaga, umesema kwa miguu yako kwamba binti yako alikuwa wa bure. Kaka yangu Zadock alinipigia simu kutoka nyumbani kunikumbusha, utadhani nilikuwa nimesahau. Nilimwambia sijasahau. Nilipokata simu nililia, halafu nikajikasirikia kwa kulia.

Basi niliposikia neno njia, akili yangu ikakimbia. Boma ni boma na njia ni njia. Nikipita mbele ya lango lao nikiwa katika shughuli za kanisa, na mtoto akatolewa nje nikambeba hapo barabarani, nani atanilaumu? Hata Zadock angekosa la kusema, na Zadock hakosi la kusema.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, Kasiva akisukuma baiskeli ya mwanawe ili tujue ni wapi baiskeli inapita na wapi haipiti. Kileleshwa ilikuwa bado inapiga miayo. Walinzi walikuwa wakiosha magari ya watu, na wasichana wa kazi wakitundika nguo kwenye roshani. Tuliteremka kwa kijia kinachofuata mto, mahali ambapo nimeishi karibu napo miaka yote hiyo bila kujua kwamba kuna migomba na mtu anayelima sukuma wiki. Tukapanda upande wa Lavington, kwenye nyua za michongoma na mbwa wenye kelele. Kasiva akapanda baiskeli kidogo, akanizunguka huku akicheka.

"Mama Emmah, leo hata huhemi! Ama ni mapenzi?"

"Endesha baiskeli yako," nikamwambia.

Kawangware tulipita katikati ya mitumba na makaa na chapati za moto, na hapo baiskeli ilibebwa zaidi kuliko ilivyosukumwa. Kasiva akasema watu wa baiskeli watatafutiwa njia nyingine. Riruta, kisha Waithaka, ambapo mji unaanza kuchoka na shamba linaanza kuchungulia. Ghafla unaona ng'ombe amefungwa nyuma ya ghorofa. Unaona nyumba mpya za kupangisha zenye mabati ya buluu, na ubavuni mwake mahindi na nyasi za kulisha mifugo, kana kwamba hayo mabati yatang'olewa msimu ujao. Hewa ilikuwa ya baridi na ilinukia udongo na samadi. Nilipenda. Nasema ukweli, nilikuwa nimejiandaa kuichukia Mutuini, ikanishinda.

Emmah alikuwa akitungoja mbele ya lango la mbao, amenenepa kidogo usoni, amependeza. Alinikumbatia kwa nguvu nikasikia harufu ya maziwa kwenye blauzi yake. Nyuma yake alisimama mwanamke wa umri wangu, mrefu, amevaa buti za shambani na kufunga kitambaa kichwani. Huyo ndiye Wangu, mamake Waweru.

"Karibu, mama, karibu nyumbani," akasema. "Ingieni ndani, chai iko tayari. Mtoto amelala hapo tu kwa kiti."

"Asante sana," nikasema. "Sisi tuko njiani tu. Naomba nimwone hapa hapa."

"Hapa barabarani?"

"Hapa hapa."

Emmah akatazama chini. Alikuwa ameshawaeleza, lakini kuelezwa jambo si sawa na kusimamishwa nalo langoni. Wangu akaingia ndani, nikadhani anakwenda kumleta mtoto. Akarudi na birika, vikombe na sahani ya nduma za kuchemsha, akaviweka juu ya kigoda kando ya lango. Akamimina chai, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Ilikuwa chai ya maziwa mazito, na koo langu lilikuwa limekauka tangu Waithaka.

Sikuipokea. Ilikuwa imepikwa katika jiko la boma lile. Mikono yangu ilikaa kando kama si yangu.

Ukitaka kumtukana mwanamke wa Kikuyu, usimtukane. Kataa chai yake. Uso wa Wangu ulifungwa. Akakirudisha kikombe kwenye kigoda polepole.

"Chai yetu iko na shida gani?"

"Haina shida, mama. Ni desturi yetu."

"Na sisi desturi yetu, mtoto haonyeshwi barabarani kama ndizi ya kuuza. Amelala. Mwenye kutaka kumwona, mlango uko wazi."

Tukasimama hivyo, yeye upande wake wa lango na mimi upande wangu, hasira zikinipanda kwa sababu alikuwa amesema kweli na mimi pia nilikuwa nimesema kweli. Kasiva peke yake ndiye aliyekunywa chai. Alikunywa vikombe viwili, Mkamba yule. Hatimaye nikamwambia Emmah kwamba nashukuru kumwona akiwa mzima, na kwamba jua halitungoji. Emmah akaanza kulia. Nikageuka haraka asije akaniona mimi.

Tulikuwa hatujafika kwenye kona Wangu alipoita.

"Mama Emmah! Kwetu mgeni haendi bila kusindikizwa. Hata yule amekataa chai."

Alikuwa amevua buti na kuvaa raba. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto, amemfunga kwa leso, na kilichoonekana ni kofia ya sufu ya kijani na kisigino kimoja. Emmah alikuwa nyuma yake akijipangusa macho. Nyuma kabisa, mbali, alikuwa Waweru akisukuma baiskeli yenye mfuko wa nepi kwenye kikapu. Emmah alikuwa amemwambia kwamba kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe, na kijana aliyachukua maneno hayo kwa uzito wote. Kila nilipogeuka kutazama kisigino cha mtoto, yeye alisimama ghafla na kuanza kukagua tairi.

"Nitawafikisha hapo kwa stendi," Wangu akasema.

Stendi ikafika, ikapita. Akasema atatufikisha Waithaka, maana kuna mtu anataka kumsalimu. Tulipofika Waithaka hakumsalimu mtu. Alitembea kama mtu aliyelima maisha yake yote, hatua ndefu, wala mtoto hakuamka. Mimi nilikuwa kando yake, na macho yangu hayakutoka kwenye ile kofia. Nilikuwa nataka kusema nipe nimbebe. Neno lilifika hadi kwenye meno, likarudi. Mtu aliyekataa chai ya mwenzake ataomba vipi mtoto?

Aliyeanza kusema alikuwa yeye.

"Unajua ni kwa nini hatujakuja kwenu?"

"Sijui," nikajibu kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia.

"Mzee wangu, Maina, anasema ni lazima apigiwe simu na mzee wenu, yule Zadock, apewe siku. Zadock naye amemwambia Emmah kwamba mwenye kutaka mke ndiye anapiga. Wanangojana. Tukingoja hao wanaume, mama, huyu mtoto ataota ndevu."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka hadi nikasimama, na nyuma huko Waweru naye akasimama na kulikagua tairi. Zadock hakuwa ameniambia habari hiyo ya simu. Nilimwambia Wangu hivyo, naye akasema hata Maina hakumwambia, aliisikia kwa Emmah wakichuma mboga.

Tulipofika Riruta, Emmah alikaa kwenye benchi la muuza viazi akamnyonyesha mtoto chini ya leso. Nilikaa kando yake nikamsikia mtoto akimeza. Sikuangalia, maana niliogopa mikono yangu. Kisha Wangu akamfunga tena mgongoni, na hatukuulizana kuhusu kurudi. Tukavuka Kawangware, Kasiva na Waweru wakibeba baiskeli zao juu ya mitaro huku wakibishana njia ipi ni nzuri zaidi. Tukapita kwenye michongoma. Tukapanda kutoka mtoni. Jua lilikuwa limelegea, na walinzi wa Kileleshwa walitutazama tukipita kama msafara wa harusi isiyo na gari.

Kwenye lango la ghorofa yetu Waweru alibaki nje na baiskeli. Sisi wanawake tukapanda ngazi, mimi mbele, kwa mara ya kwanza bila kunung'unika. Nikafungua mlango, nikaingia, nikageuka kuwakaribisha. Wangu alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Hakuinua mguu. Alifungua leso taratibu, akamzungusha mtoto mbele, akavuta kitambaa chake cha kichwa kikakaa sawa.

"Hodi hapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikausukuma mlango wote hadi ukutani.

"Hodi," akarudia. "Sisi ni watu wa Mutuini, wa nyumba ya Maina. Tumekuja kusema kwamba msichana wenu yuko kwetu na hatukuwaambia, na hiyo ni makosa yetu. Wazee watakuja na maneno ya wazee. Mimi nimekuja kubisha tu. Na sijakuja mikono mitupu."

Akanyoosha mikono, akaniwekea mtoto.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na moto, na alinuka maziwa na vumbi la njia nzima. Akafumbua macho, akanitazama kwa muda mrefu kama karani anayekagua kitambulisho, kisha akaikamata kola ya blauzi yangu. Nililia mbele yao wote na sikujikasirikia.

"Karibu," nikasema. "Karibu, mama Waweru. Ingia ndani ukae."

Emmah akapita moja kwa moja jikoni kuweka maji ya chai. Mimi nilikwenda dirishani na mtoto mkononi. Chini, Waweru alikuwa bado amesimama kando ya lango, ameinamia tairi lisilo na tatizo lolote.

"Waweru!" nikaita. Akashtuka, akavua kofia. "Wachana na hiyo baiskeli, mwanangu. Panda juu, chai inachemka."