Salamu Zilizokatwa

Milembe alikuwa na kazi tatu na hakuwa na bosi hata mmoja, jambo ambalo mdogo wake Ndaki alilitangaza kijiwe kizima cha bodaboda pale Bariadi kana kwamba ni ugonjwa wa ukoo. Asubuhi aliandika blogu. Mchana alirekodi podikasti. Jioni, vyombo vikishaoshwa, aliandika kitabu. Alikuwa amefundisha kwa kujitolea mpaka shule ikamwambia asante, akauza nyanya mpaka zikamwozea, akafuga kuku mpaka kideri kikapita na banda zima. Ndipo akaamua kufanya biashara ya kitu kisichooza wala kushikwa na kideri: maneno.

"Dada, maneno huku kwetu yanagawiwa bure," Ndaki alimwambia. "Wewe unamuuzia nani?"

Wateja walikuwepo. Taabu ilikuwa kazi zenyewe, zilivyogombana kama wake wenza. Siku moja alisoma kwenye podikasti maandishi ya blogu bila kuyapitia, akasema kwa sauti tamu kabisa, "Bonyeza hapa chini uone picha." Kesho yake fundi cherehani wa sokoni alimsimamisha njiani, akamuuliza abonyeze wapi hasa, maana simu ameshaigeuza pande zote. Milembe alicheka hadi akakaa chini kwenye benchi la fundi, kisha akaenda kuyaandika hayo kwenye blogu. Hakuna kilichotupwa kwake. Angalau ndivyo alivyodhani.

Kilichomtoa kimaisha hasa ni hadithi ya Kabula, bibi mmoja wa Mwamapalala. Enzi za usichana wake, Kabula alitakwa na vijana wawili kwa mpigo. Mmoja alikuwa na baiskeli mpya, yenye taa na kengele. Mwingine alikuwa mpiga ngoma wa kundi la kulima, hana kitu ila vidole. Kabula aliisimulia hadithi hiyo kidogokidogo, na Milembe akaitoa vilevile: sauti kwenye podikasti, picha na maelezo kwenye blogu, na yote pamoja kwenye kitabu. Mji ukagawanyika. Kwenye saluni za kunyolea kulikuwa na Timu Baiskeli na Timu Ngoma, na mtu aliweza kutoka amenyolewa upande mmoja kwa kuwa kinyozi kakasirika.

Aliolewa na yupi? Mume wa Kabula alikuwepo, mzima, ameketi palepale uani kila Milembe alipokwenda kurekodi. Lakini kijiji kizima kilimwita Baba Nancy, kwa jina la binti yake wa kwanza, na alipoulizwa alisema, "Muulize mwenye hadithi." Majirani nao walijibu hivyohivyo, wakificha meno kwa viganja. Mwamapalala nzima ilikuwa imekula njama.

Ilibaki sura ya mwisho tu. Mchapaji wa Mwanza alikuwa anaisubiri ili kitabu kiingie mtamboni. Na hapo ndipo kosa alilokwishafanya Milembe likajitokeza.

Lilianzia kwa rafiki yake Harieth, nesi aliyehamishiwa Bariadi kutoka Moshi, mtu wa kutembea haraka hata akienda chooni. Alikisikiliza kipindi cha kwanza, akaja mbio.

"Shoga, hadithi ni asali, ila zile salamu! Nimebandika uji, umechemka, umeiva, umepoa, bado mnaulizana habari za mbuzi! Halafu kuna mtu anagongagonga huko nyuma kama anatwanga karanga. Kata!"

Milembe akaona ni kweli. Wasikilizaji wa mjini hawana subira. Kuanzia kipindi cha pili, salamu zote zikakatwa. Kabula akawa anafyatuka tu kwenye simu za watu: "Basi yule wa baiskeli akaja..." Na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa pomoni, zile rekodi nzima Milembe akazifuta.

Mambo yalikwenda vizuri hadi Nancy alipokwenda kuwasalimia wazazi wake wakati wa kuvuna pamba, akawawekea wanawake podikasti shambani. Jioni ile ile Kabula alipiga simu.

"Wananiita lori," alisema.

"Lori, mayu?" Milembe aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Lori! Kabula siku hizi hasalimii mtu, anapiga honi anapita. Mawifi wamenicheka mpaka wameangusha pamba. Nilikusalimu, nikakuuliza nyumbani, nikakuuliza mifugo. Umezipeleka wapi salamu zangu?"

Milembe alianza kueleza habari za wasikilizaji wa mjini wasio na subira. 

"Mwisho wa hadithi ninao," Kabula alisema, "na utabaki kwangu." Akakata. Hata kuaga hakuaga, na hilo ndilo lililomtisha Milembe kuliko yote.

Siku zilizofuata hazikumfaa kitu. Blogu aliiandikia habari ya bei ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Podikasti ikanyamaza. Kitabu kilikaa mezani bila mkia, na mchapaji akawa anatuma ujumbe wa adabu, ile adabu inayomaanisha kuna vitabu vingine kwenye foleni. Bila Kabula hakuna mwisho. Bila mwisho, kazi zote tatu zimekufa kideri kwa pamoja.

"Nenda ukapige magoti," Ndaki alimshauri. "Mimi nakupeleka. Ila na huyo mshauri wako wa Moshi apande pia, akaone alichokivunja."

Wakaenda watatu pikipiki moja, Harieth katikati akilalamika kuwa kama nesi hapaswi kuonekana hivyo. Kabula alikuwa uani anapepeta mtama. Baba Nancy alikuwa kwenye kigoda chake. Milembe alipiga magoti kabla vumbi halijatua, akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Ungo uliendelea kupeta. Kuku waliendelea kudonoa. Hatimaye Kabula akasema, bila kuinua uso, "Mwangaluka. Wa nyumbani?"

"Hawajambo, mayu."

"Mvua?"

"Imenyesha kidogo, mayu."

"Na huyu anayekaa kama anachomwa sindano?"

Harieth, ambaye alikuwa amepiga magoti kimakosa juu ya kokoto, akashtuka. "Mimi Harieth, mama. Mwa... mwangaluka. Ndimi niliyesema salamu ni ndefu. Nisamehe." Kisha likamtoka neno ambalo hakuna aliyelitegemea: "Yule mbuzi aliyevunjika mguu, je, alipona?"

Ungo ukasimama.

"Mbuzi gani?"

"Yule uliyemtaja kwenye kipindi cha kwanza. Mweupe. Mlimfunga vijiti. Nimemuwaza mno, mama, kwa sababu vikikazwa sana damu haipiti, na baada ya hapo hamkumtaja tena!"

Milembe alimgeukia. "Si wewe uliyesema nikate?"

"Nilisema ukate! Sikusema sisikilizi!"

Kabula aliweka ungo chini. Mabega yalianza kutikisika kwanza, kisha tumbo, halafu kicheko kikamtoka chote, mpaka kanga ikamlegea na Baba Nancy akalazimika kumshika mkono. "Yule pale!" alisema akifuta machozi, akionyesha nyuma ya ghala, ambako mbuzi mweupe alikuwa anakula ndala ya Ndaki. "Amepona, mtundu kuliko mwanzo. Ng'wanawane, mwanangu wa Moshi, inuka utaumia. Milembe, washa hilo lisimu lako. Na tunaanza upya. Salamu zote."

Zikaanza upya. Wa nyumbani, mifugo, mvua, pamba, jirani aliyelazwa, mbuzi na ile ndala aliyokuwa anaitafuna. Safari hii Milembe hakuwa anasubiri ziishe. Alisikiliza. Na kwa kuwa alisikiliza, akasikia: chini ya sauti ya Kabula, taratibu, kitu kilikuwa kinagonga. Ta-ka-ta, ta-ka-ta. Kila Kabula aliposalimu, kilijibu. Alikikata mara zote hizo akidhani ni kuku wanadonoa debe.

Aligeuka. Vidole vya Baba Nancy vilikuwa vinacheza kwenye ukingo wa kigoda, na mwenyewe anatazama mawingu kama mtu asiyehusika.

"Mayu!" Milembe alipiga kelele. "Mpiga ngoma!"

"Nilikwambia tangu siku ya kwanza," Kabula alisema. "Wewe ukatupa."

"Lakini kwa nini yeye? Mwenzake alikuwa na baiskeli!"

"Alikuwa nayo. Siku ya kuja kwetu alipita mbele ya mama yangu anaipigia kengele, kring kring, moja kwa moja hadi mlangoni. Huyu alitua ngoma yake njiani, akasalimu. Akasalimia mama, akauliza ng'ombe mmojammoja. Ugali ukaungua. Mama akasema, aliyeniunguzia ugali ndiye huyo."

"Ugali wenyewe haukuwa mtamu," Baba Nancy alisema. Ndiyo maneno pekee aliyochangia kwenye kitabu kizima.

Kipindi kile kilitoka kama kilivyo, hakikukatwa hata kikohozi. Kwenye blogu Milembe aliwaambia watu warudi kipindi cha kwanza, wasikilize chini ya salamu. Timu Ngoma walizunguka Bariadi wakipiga madebe. Timu Baiskeli walidai kengele ilipigwa kwa nia njema. Sura ya mwisho ilikwenda Mwanza, na mchapaji akapiga simu akishangaa kwa nini kitabu sasa kinaanza na kurasa nzima za watu kuulizana hali.

"Ziache hizo," Milembe alisema. "Ndizo hadithi yenyewe."

Jumatatu akapita sokoni, mkoba mmoja, kazi tatu ndani yake. Fundi cherehani akamsimamisha tena, uso umekunjamana kwa mashaka.

"Dada Milembe, nimesikiliza yote. Ila hujasema, ile ndala ya mdogo wako mbuzi aliimaliza?"

Milembe akavuta benchi, akakaa.

"Kwanza, fundi," alisema, "umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"