Mkia wa Bi Harusi

Tangu siku aliporudi kutoka hospitali akakuta meza yake ya kukatia vioo haipo, Fundi Vioo hakusema tena na mkewe. Si kwamba nyumba ilikuwa kimya. Maneno yalikuwepo, tena makali, ila yote yalipitia kwa samaki.

Samaki mwenyewe alikuwa mmoja tu, mweupe mwenye mabaka ya dhahabu, na mkia mrefu laini uliomfuata nyuma kama shela. Ndiyo maana wakamwita Bi Harusi. Aliishi sebuleni katika tangi ambalo fundi alilitengeneza kwa mikono yake, kioo kwa kioo, pembe zake zimebanwa kwa silikoni na hazijawahi kutoa hata jasho.

"Bi Harusi," mke angesema akipita na sinia, "mwambie mwenye nyumba chai iko mezani."

"Bi Harusi," fundi angejibu bila kugeuza shingo, "muulize aliyeipika, sukari imo, au nayo imepelekwa kwa kaka yake?"

Maana huko kwa kaka yake ndiko ilikokwenda meza. Mkono wa fundi ulikuwa umeanza kutetemeka, kidogo kidogo, na siku moja kioo kikamteleza kikamchana kiganja vibaya hata akalazwa. Alipokuwa wodini, mkewe akamwita kaka yake na kigari. Ikatoka meza, ikatoka almasi ya kukatia vioo, zikatoka rula ndefu za mbao ambazo mzee alizitumia tangu ujana wake. Mke alikuwa mshonaji, na alimkatia mumewe kazi ya maisha yake yote kama mtu anayekata uzi kwa meno.

Kilichomchemsha fundi si meza kuondoka. Hata yeye mkono wake aliujua. Kilichomchemsha ni kwamba hakuulizwa. Angekuwa amekufa, sawa. Lakini alikuwa hai, amelala kitandani akiwa na akili zake timamu, na simu iko chini ya mto. Kila alipoliwaza jambo hilo, damu ilimpanda upya, kama vile meza inatolewa leo.

Basi asubuhi moja alifungua pazia, mwanga ukaingia tangini, akaona ncha za mkia wa Bi Harusi zimepata ukungu kama maziwa, zimechanikachanika. Mkewe alikwisha kulalamika mara nyingi, zamani walipokuwa bado wanasemeshana, kwamba tangi linakula nafasi na kwamba pale pangefaa meza ya kukatia vitambaa. Fundi akaona mbele yake yote yatakayofuata. Samaki atakufa, kigari kitarudi, tangi litatoka kwa mlango ule ule. Na yeye atabaki mzee wa kwenye kiti, asiye na kitu hata kimoja ndani ya nyumba kinachoonyesha kwamba aliwahi kuwa fundi.

Akavaa viatu, akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, mtu mmoja mwenye maneno mengi na duka dogo lenye unyevunyevu. Muuza samaki akamwambia hayo ni mapezi yanaoza. Vijidudu vyake vipo majini siku zote, vinangoja tu maji yachafuke na samaki achoke. Akamwelekeza apunguze chakula, atoe theluthi ya maji na kutia mengine, na hayo ya kutia yawe yamelala usiku kucha katika ndoo iliyo wazi, ili dawa ya bombani itoke. Sifongo ya chujio aisuuze kwa maji ya tangini, asiguse sabuni. Kisha chumvi isiyo na madini joto, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita ishirini, iyeyushwe kwanza pembeni. "Lakini mzee, chumvi ni mara moja," alimwonya. "Baada ya hapo unarudishia tu ya yale maji uliyotoa. Maji yanakauka, chumvi haiendi popote. Ukizidisha, unamchoma."

Fundi akafanya yote, mkewe akiwa barazani na wateja wake. Hakumwambia neno. Amwambie ili iwe nini? Ili apate sababu ya kuita kigari? Chumvi aliificha nyuma ya redio. Chakula alipunguza, akawa anatia mbano mdogo tu asubuhi na jioni.

Mkia ukaendelea kuliwa. Vikaingia vistari vyekundu, uozo ukapanda kuelekea mwilini, na Bi Harusi akawa anabaki juu kwenye kona, akitwetatweta. Maji yalianza kuwa na ukungu. Fundi akatafuta mkosaji, na katika nyumba ya watu wawili hakuhitaji kwenda mbali.

"Bi Harusi," alisema siku hiyo wakati mkewe anafagia, "pole mwanangu. Kuna watu humu hata pumzi yao inaozesha vitu."

Ufagio ukasimama. "Bi Harusi," mke akasema, "wewe shukuru umeoza mkia. Wengine wakizeeka huanza kuoza mdomo."

Fundi akatoka amefura kama andazi, akaenda kumwagia hasira zake muuza samaki. Alimwambia kuwa dawa yake ni uongo, chumvi yake ni uongo, na samaki yuko karibu kufa. Muuza samaki alimsikiliza akiwa anavua viluwiluwi kwenye beseni, wala hakukasirika.

"Mzee, labda ni mkosi wa mtaa wenu," akasema. "Siku ile ile uliyokuja wewe, mchana alikuja mama mmoja, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, amenuna. Naye ana samaki mweupe, mabaka ya dhahabu, mkia unaoza. Nikamwambia yale yale niliyokwambia wewe."

Fundi akasogea karibu. "Ulimwambia aweke chumvi?"

"Sasa ungetaka nimwambie aweke sukari?"

Fundi hakuaga. Alitembea kwa haraka ambayo daktari alimkataza, akajikwaa kwenye kizingiti cha lango lake mwenyewe, na uani akaona jambo lililomwongezea ghadhabu juu ya ghadhabu. Kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na taulo, sifongo ya chujio imeanikwa kwa kibanio, imefuliwa kwa sabuni mpaka ikawa nyeupe kama soksi ya shule. Akaingia sebuleni. Mkewe amesimama mbele ya tangi, mfuniko wazi, kikombe mkono mmoja na kijiko mkono wa pili, anakoroga.

"Weka kikombe chini."

Mke akageuka. "Unasema na mimi au na samaki?"

"Nasema na wewe. Unamchoma. Chumvi nimeshaweka mimi."

"Umeweka lini?"

"Tangu Jumamosi."

Mke akakitazama kikombe. "Na mimi tangu Jumamosi," akasema polepole. Kisha akauliza, "Na chakula?"

"Asubuhi na jioni."

"Na mimi asubuhi na jioni. Tangu ulipotoka hospitali. Nilijua umenuna, hutamlisha."

Wakainama wote wawili wakatazama chini ya tangi. Kati ya vijiwe, chakula ambacho samaki mmoja hakuweza kukimaliza kilikuwa kimelala tabaka juu ya tabaka, kijivu, kama jivu lililomwagiwa maji. Hapo ndipo uozo ulipoanzia, na hakuna aliyeweza kusema kile ni cha mwenzake.

Lakini aibu ya fundi haikukaa. Iligeuka hasira kabla hajafunga mdomo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie kupitia kwa nani? Huyu mgonjwa?"

"Ungeniuliza. Kuuliza kunauma? Hata meza yangu umeitoa mlangoni hukuniuliza."

"Nilifuta damu yako kuanzia mezani mpaka langoni," mke akasema, na sauti yake sasa ilikuwa inakwaruza. "Kwa magoti. Nikuulize nini tena? Kama unataka kujikata mara ya pili?"

"Ndiyo. Ungeniuliza hivyo hivyo. Ningekujibu."

Mke akafungua mdomo, ila Bi Harusi akalalia ubavu. Wakaacha ugomvi pale pale ulipofika, kama watu wanaoacha sahani kwa sababu nyumba inaungua.

Maji yaliyolala yalihitajika, tena mengi. Fundi alikuwa na ndoo yake, ameificha bafuni. Mke alikuwa na yake, ameificha nyuma ya mlango wa jikoni. Wakamhamishia samaki kwenye beseni, wakachukua mpira wa maji, wakanyonya uchafu wote wa chini pamoja na zaidi ya nusu ya yale maji ya chumvi. Fundi akainyanyua ndoo ya kwanza. Mkono ukatetemeka, maji yakaruka sakafuni. Akasimama akingoja neno, jibu lake likiwa tayari ulimini.

Mke akashika mkono wa ndoo upande wa pili.

"Sijakuomba," fundi akasema.

"Na mimi sijakuuliza. Nyanyua."

Wakanyanyua.

Bi Harusi hakufa. Siku za mwanzo alikuwa wa kukaa tu, kisha uozo ukasimama, vipande vilivyokufa vikadondoka, akabaki na kijimkia cha kukatisha tamaa, bi harusi aliyenyang'anywa shela. Siku zilivyokwenda, pembeni mwa mkia pakaanza kuota utando mpya, mwembamba, usio na rangi kabisa. Mke akiutazama alisema umepigwa upindo. Fundi alipoutazama aliona ukingo wa kioo kilichokatwa vizuri, ila hakusema. Hakuwa tayari kumpa mazungumzo.

Asubuhi moja fundi alichukua kopo la chakula, akafungua, vidole vikabana, halafu vikasimama hewani. Mkewe alikuwa mlangoni, futi shingoni, anakwenda barazani. Fundi akakunja uso kama mtu aliyeambiwa ameze mwiba.

"Umeshamlisha?"

"Bado," mke akasema. Hakuondoka. Alivuta futi upande mmoja, akaivuta upande wa pili. "Ile meza," akasema, "sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

Fundi akangoja aone kama kuna neno jingine nyuma ya hilo. Halikuja, na baada ya kitambo cherehani ikaanza kulia barazani. Hasira yake ilikuwa pale pale, imekaa kifuani kama alivyoizoea. Akaudondosha ule mbano wa chakula majini, akamwona Bi Harusi akija kuupokea, akafunga kopo. Kisha akapaza sauti ipite juu ya cherehani.

"Nimemlisha. Usimlishe tena."

"Nimesikia," likaja jibu.