Kiapo Pointi Tano

"Ngome zangu tatu zimesimama na askofu yu hai," alisema Nurdini. "Andika thelathini, dada Asnath."

Asnath hakuandika. Kwa miaka miwili alikuwa akiwaandikia pointi wanaume hawa, nyuma ya duka la mabati la Nurdini hapa Ipuli, wakicheza mchezo wa mezani wa wafalme wa kale wa Ulaya. Wafalme! Nikolaus, mwalimu mstaafu, hatawali hata kuku wake. Kila Jumamosi walipeana viapo, wakavivunja, wakagombana mpaka mate yakaruka, na yeye, fundi cherehani, akaandika. Leo Majidi alikuwa msibani Ziba, basi wakamkalisha Asnath kwenye kiti chake ili idadi itimie. Mshindi wa leo angekwenda kwenye mashindano Mwanza. Asnath hakuwahi kufika mbali zaidi ya Kaliua, na safari hiyo aliitaka mpaka kifua kikamuuma.

"Thelathini, toa viapo vitatu ulivyovunja," alisema. "Kiapo pointi tano. Umebaki na kumi na tano. Mwalimu ana kumi na nane. Mimi sikuvunja hata kimoja, nina ishirini na moja."

"Sheria hiyo umeitoa wapi?"

"Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mchezo. Mwezi uliopita mlimshushia Majidi hiyo hiyo."

Nurdini alicheka. Alizoea kuandikiwa anachosema. Akija kupimwa suruali husema kiuno chake ni inchi thelathini na sita. Asnath huandika thelathini na sita, akakata arobaini na mbili. Alikuwa akimsitiri, naye bwana mkubwa akadhani anaaminiwa.

"Wewe umemshikia mtu kiti tu," alisema Nikolaus kwa sauti ya darasani. Akamsogezea fomu ya Mwanza. "Jiandike wa tatu, binti yangu, Nurdini wa kwanza, kisha utie saini ya mwandishi wa pointi. Bila saini hawaipokei."

"Mkuki kwa nguruwe, mwalimu."

Aliwatazama: watu wazima wawili, mvi kichwani, wanaogopa kutoa kumi na tano kwenye thelathini. Aliwadharau kwa moyo wote. Mwanza ameikosa, hilo alilijua, na liliuma.

Aliweka kalamu juu ya fomu, akajifunga kanga, akatoka.

"Asnath!" Nurdini aliita kutoka mlangoni, fomu mkononi. "Na saini je? Dada Asnath!"

Alisubiri lori la tumbaku lipite, kisha akavuka barabara.