Paa Zitazame Kusini

"Wananchi wa Mbotela! Leo, Jumamosi hii tukufu ya Agosti, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na moja, jua linaacha uzururaji na kuajiriwa rasmi!"

Caleb alitamka hayo akiwa juu ya kreti ya soda, tai ya shule shingoni ingawa shule ilikuwa imefungwa. Wananchi wenyewe walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wamepanga foleni ya mfereji tu.

"Liajiriwe upesi," alisema Lydiah, debe mkononi. "Wengine tuna nguo za kufua."

Watu walicheka, ila Phares Okumu, mjomba wake Caleb, hakucheka. Shughuli hii ilikuwa yake. Phares alikuwa fundi wa paipu katika karakana ya reli, na kwa miezi mitano alikuwa amekusanya mbao, mabati na kioo cha dirisha kuukuu hadi akapata sanduku pana lenye paipu nyeusi ndani. Juu ya sanduku aliweka tangi, akalifunga blanketi. Maji yakipata joto sandukuni yangepanda yenyewe kwenye paipu hadi tangini, na yale ya baridi yangeshuka kuchukua nafasi yao. Hakuna pampu, hakuna stima, hakuna makaa.

Wala halikuwa sanduku la mchezo. Yeye na majirani wenzake, familia kumi na mbili za chama kimoja cha ushirika, walikuwa na ploti Njiru, misingi tayari. Phares ndiye aliyewashawishi masanduku hayo yawe sehemu ya paa, ili asiwepo mama wa kupuliza jiko alfajiri kwa ajili ya maji ya kuoga. Paa lingeinama kama sanduku linavyoinama, kuelekea kusini. Jumatatu kuta zingeanza kupanda, ule wa kaskazini mrefu, wa kusini mfupi, na baada ya hapo anayetaka kubadilisha angebadilisha kwa nyundo.

Kusini huko hakukuchagua yeye. Yeye alitaka sanduku lilale karibu bapa, liinamie kidogo upande wa Jogoo Road, yaani kaskazini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekula chakula chake cha mchana juu ya mabati ya karakana, na miezi ya baridi jua la adhuhuri lilipita upande huo mbele ya macho yake. Lakini Caleb, kidato cha tatu katika shule ya bweni, alifungua kitabu cha maktaba ya shule.

"Kusini, mjomba. Digrii hamsini na moja. Imepigwa chapa kabisa."

Phares alikuwa ameishia darasa la nne. Alitazama juu angani, akatazama kitabu, akachagua kitabu. Tena akawaambia wanachama, kifua mbele, "Huyu mtoto wa dada yangu ndiye injinia wetu." Jioni ile Rispa, mkewe, alimkuta akiimba peke yake.

Sasa Mzee Naftaly Gachanja, mwashi na mwenyekiti wa chama, alikunja mkono wa koti, akakinga maji ya tangi kwenye karai, akachovya kiwiko kama mama anayempimia mtoto maji.

"Ngai! Haya yananyonyoa kuku!"

Karai likazunguka, kila mtu akachovya, kila mtu akapiga kelele. Hata Lydiah alisahau foleni.

"Phares," alisema Gachanja, "umetushinda. Jumatatu saa moja mafundi wangu wako Njiru. Paa zote kumi na mbili, kusini!"

Phares alipokea mikono ya watu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto, kwa mazoea ya kazi, ulikwenda kushika paipu inayopanda kutoka sandukuni.

Ilikuwa baridi.

Alidhani mkono umekufa ganzi, akabadilisha mkono. Baridi vilevile. Akashika tangi, tangi liliunguza. Aliinama akakitazama kioo: jua lilikuwa juu ya Jogoo Road, na lilikichungulia kioo kwa pembeni tu, kama mtu anayepita nyumba asiyoijua. Moto uliokuwa tangini haukupita kwenye paipu. Mtu aliuingiza kwa juu, kupitia kifuniko cha tangi.

Angeweza kuvumilia sanduku lililoshindwa. Alishaona mitambo mikubwa zaidi ikishindwa. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amemsifu Mungu kwa ajili ya maji haya.

"Caleb. Shuka. Shika hapa."

Caleb alishuka, akashika paipu, akaachia upesi.

"Ni… ni mambo ya fizikia, mjomba. Joto limejificha."

"Limejificha wapi?"

"Nami nilikuwa nashangaa," alisema Rispa taratibu, "makaa ya wiki mbili yameisha kwa siku nne."

Caleb alivua tai.

"Waambie wao, si mimi," alisema Phares.

"Ni maji ya jiko," alisema Caleb. "Sufuria mbili, kila mara mjomba akitoka. Kitabu ni cha Uingereza. Kule jua la mchana linakaa kusini mwaka mzima. Nilijua tangu Jumanne. Sanduku linafaa kuelekea huku, vile mjomba alivyosema."

"Jumanne," alisema Phares. "Tumekula meza moja tangu Jumanne."

"Ulikuwa umeshaniita injinia mbele ya watu, mjomba. Kwanza niliona jina hilo ni mzaha tu. Halafu ukaanza kuimba."

"Na Jumatatu ungewaacha wajenge?"

"Ningewaacha."

"Na mimi niliyewaapia, nikae kati yao na maji baridi, nikidhani jua ndilo limenikosea?"

"Ndiyo, mjomba," alisema Caleb.