Mti Usipande

Mwenye shamba alikuja bila kupiga hodi, na hilo pekee lilitosha kumtia Mbeyu wasiwasi. Mzee Athmani, ambaye adabu zake zilijulikana Msambweni nzima, alipita ubavuni mwa nyumba kimyakimya, akawa anashikashika majani ya mkone, mti mfupi wa mwituni uliokuwa uani, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Shikamoo, mzee," Mbeyu alisema, akijifunga leso upya.

"Marahaba, mwanangu. Pamependeza hapa."

Sifa hiyo ilimtisha kuliko tusi. Nyumba ilikuwa yake na mumewe, Tsuma. Ardhi ilikuwa ya Athmani. Baba yake Tsuma alikaribishwa hapo zamani kwa sharti moja: lima mhogo, lima mtama, lakini mti usipande. Mhogo hung'olewa ukaisha. Mti hukaa, na aliyeupanda huwa na neno juu ya ardhi. Na mwaka huo, wa pili tangu Uhuru, habari za hati za ardhi zilikuwa midomoni mwa watu wote, na wenye mashamba hawakulala usingizi mzuri.

Mbeyu alikuwa amejidanganya. Sharti, alijiambia, ni la minazi na miembe; miti ya mwituni haina mwenyewe. Alikuwa na kibarua Diani kwa mama mmoja wa Kizungu aliyechoshwa na maua ya kwao kunyauka kila kiangazi. Mbeyu alimtajia mimea ya msituni, naye mama yule akamfundisha kuipanga: tazama kwanza maji ya mvua yanakokimbilia, mirefu iweke upande wa upepo, mifupi karibu na mlango, wala usipande kwa mstari, mpaka mgeni adhani Mungu mwenyewe ndiye aliyepanda. Akarudi nyumbani na miche. Mbambakofi akauweka nyuma, mkadi penye maji, mikone kuzunguka ua. Tsuma alimwonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Athmani alisimama. "Imejiotea hii, sivyo? Ndege wana kazi kubwa."

"Ndege, mzee!" Tsuma alidakia kutoka mlangoni. "Ndege tu hawa, na mvua."

"Alhamdulillahi. Basi hakuna atakayeudhika ikikatwa." Athmani akalichukua panga lililoegemezwa ukutani, akamkabidhi Mbeyu. "Kata wewe, mwanangu. Mimi mzee."

Mbeyu alilipokea. Alikuwa amefundishwa vyema mno: hakuna mche hata mmoja uliosimama kwenye mstari, na kadhi yeyote angewaamini ndege. Mapigo machache tu, nao wangelala salama ndani ya nyumba yao. Aliutazama mbambakofi, ambao haukuwa umemfika hata begani na ambao wajukuu ndio wangekaa kivulini mwake. Akaona aibu, kisha hasira, na hasira ikashinda. Angewezaje kuiita kazi yake mavi ya ndege?

"Nilipanda mimi," alisema. "Kwa mkono wangu, mmoja mmoja."

"Mbeyu!" Tsuma alisema kwa sauti iliyokatika.

Mbeyu aligeuza panga, akamnyooshea mzee mpini. "Kukata, kata wewe."

Athmani alilipokea panga, lakini hakukata. Alipima makali kwa kidole gumba, taratibu, akiutazama mti, kisha akiitazama nyumba. Ndani, Tsuma alikuwa ameanza kukunja mikeka.